Weupe Usiotiwa Buluu

Nyuma ya cherehani, dukani kwangu Wete,
Wafaransa arubaini wa risasi iliyoyeyushwa,
kila mmoja kimo cha pingili ya kidole,
wanangoja makoti.

Kitabu kinasema buluu.
Buluu gani, Shaame?
Ya mlango wa skuli? Ya kalamu iliyovuja mfukoni?
Nimechanganya rangi katika vifuniko saba vya soda,
vyote vimenikatalia.

Kisha, ukurasa wa mwisho mwisho, kwa herufi za chungu:
mwaka fulani nili ilikuwa adimu,
Waingereza wameziba bahari,
vikosi kadhaa vikashonewa makoti meupe.
Nikacheka peke yangu.
Vita vyote vile, na fundi kakosa rangi,
kama nikosavyo uzi meli isipokuja.

Haya, meupe. Nikachovya brashi.

Bi Mize akapita na beseni la kanzu,
akainama, akatazama bila miwani.
"Hawa umewafulia kwa buluu."
Sijawafulia.
"Basi mbona weupe wa Idi? Hawa si wako vitani?
Nguo nyeupe ikikosa buluu
hugeuka tui lililolala."

Nikarudi kitabuni. Hilo hawakuliandika.
Nikadondosha chai ya rangi,
tone, halafu nusu ya tone,
na koti likawa koti,
kwapani mwake mkaingia mtu.

Bi Mize keshakwenda kuanika.
Nami nimebaki na vifungo:
shaba iliyosuguliwa asubuhi ya gwaride,
au shaba ya mwezi wa tatu njiani?