Kasha na Chura

Yadi iko Kondele, nyuma ya kinu cha kusaga,
na vumbi la unga limeyafanya yote mawili kuwa wazee:
moja la pembe nne, kioo cha mbele kimesimama wima
kama mtoto aliyeitwa jina lake darasani;
la pili la mviringo, taa zimemtoka.
Binti yangu akaliita hilo Chura, na lile jingine Kasha,
na tangu hapo sikuweza kusikia bei
bila kuwaza kidimbwi na kabati.

Ogalo, muuzaji, hufuta boneti kwa mkono wa shati.
"Mwalimu, yote yanavuta kwa miguu minne."
Ndiyo, ila si kwa tabia moja.
Chura, miguu yake ya nyuma husinzia.
Ya mbele ikiteleza ndipo hushtuka, ikasukuma,
nawe dereva hujui hata kama umesaidiwa.
Kasha lina kijiti kando ya gia:
usipokivuta, hupati kitu;
ukikivuta, unasikia vyuma vikishikana mikono
chini ya sakafu.

Nikasimama pale nikiwawaza ndugu zangu.

Sisi pia ni wanne. Jendeka wa Doha hutuma tarehe mbili,
kabla hatujasema dawa zimekwisha.
Kisia wa Eldoret hungoja aone nani ameteleza.
Adagala, ah, Adagala wa Nakuru ni wa kijiti:
umpigie, umwite kwa jina la babu, ndipo ashike.
Na mimi niliye karibu,
gurudumu la upande wa matope.

Mama husafishwa damu Kisumu, Jumanne na Ijumaa.
Kutoka lami ya Mbale hadi kwetu ni kilomita tatu:
udongo mwekundu, lile jiwe linaloshinda kanisa kwa kimo,
kisha mteremko ambao mwezi wa nne
pikipiki huushuka bila mwenyewe kutaka.
Mwaka jana alibebwa kwa kiti cha plastiki,
wanaume sita, naye juu akiwakemea
wasikanyage maharagwe yake.

Fundi Otiato akalala chini ya yote mawili na tochi mdomoni.
Kuhusu Chura: "Tumbo liko chini. Lakini hanywi sana."
Kuhusu Kasha: "Kwenye lami litawapepeta kama ungo.
Ila kijiti hiki hakina kompyuta ya kukununia."
Akapangusa mikono, akapokea mia tano, hakuchagua.

Daftarini niliandika: mafuta, Chura.
Bei, Chura, kwa laki moja unusu.
Kiti, Chura. Vipuri, Chura.
Chama cha ushirika nacho, kilipopiga hesabu ya mkopo,
kikasema Chura.

Ijumaa, baada ya mashine, nikampitisha Mama yadini.
Kwa Chura aliingia kama anayeketi sebuleni kwake.
Akafunga mlango. Akanyamaza.
"Barabara iko wapi?" akauliza.
Kasha likamshinda; goti lilikataa.
Ogalo akaleta kreti ya soda, akaipindua,
Mama akakanyaga, akashika mpini, akajivuta,
akaitazama Kondele yote kama aliyepanga ghorofani.
"Hapa," akasema, "nitaona tunakoangukia."

Tulinunua Kasha.
Adagala alipigiwa mara nne.

Mvua ya kwanza, chini ya lile jiwe,
magurudumu ya nyuma yakaanza kukoroga uji.
Nikavuta kijiti. Kitu kikanguruma, kikakataa,
kisha kikaitika, na gari likajiinua taratibu
kama mtu anayetoka kitandani kwa lawama.
"Huyo sasa ni Adagala," akasema Mama,
maana nilikuwa nimemsimulia,
akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Kwenye buti tumeweka kigoda cha kukamulia, cha kumpandishia.
Ng'ombe siku hizi hukamuliwa kwa kuchuchumaa.