Zoezi la Visawe

Madaftari thelathini na moja mezani, stima imepotea tangu saa mbili,
nasahihisha kwa tochi ya simu.
Zoezi lilikuwa fupi: andika visawe vya *haribu*,
kila kimoja ukitungie sentensi.
Nililipanga Ijumaa, kabla ya mambo.
Jumatatu nikaliandika ubaoni vivyo hivyo. Silabasi haingoji.

Mutheu ameanza vizuri, mwandiko wa kushona:
*Vunja. Kaka alivunja kikombe cha wageni.*
Vema. Huvunjwa kikombe, huvunjwa ahadi,
huvunjwa hata mbavu, kwa kicheko.
Osewe: *Fuja. Baba alifuja mshahara.*
Kisha akalikata "baba", akaandika "mjomba".
Nimempa alama zote mbili.

*Teketeza* imewachanganya. Nimeandika pembeni mara tisa:
neno hili lina moto tumboni, usilipe kazi ya maji.
Mto Ngong ukifurika Mukuru, hauteketezi, unagharikisha.
Nyaboke ana *angamiza*:
*Dawa iliangamiza mende wote isipokuwa wa jirani.*
Nimecheka peke yangu, hapa Pipeline, ghorofa ya sita,
mtu akagonga ukuta.

Halafu Barongo.
*Safisha. Kanjo walisafisha kando ya mto Jumamosi saa kumi alfajiri.*
Nikatia kosa. Si kisawe.
Nikafungua kamusi kuhakikisha: safisha, ondoa uchafu.
Nikakaa na kamusi mapajani.
Uchafu gani, Barongo? Meza ya mama yako ya chapati?
Nikaizungushia ile alama ya kosa duara,
sijui duara lina maana gani.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlingoti wa stima:
*vibanda vitaondolewa.*
Nawafundisha kila muhula, kauli ya kutendwa ikija bila mtenda,
ulizeni, na darasa zima huitika: na nani!
Tangazo halikuwa na "na".
Redio nayo ikasema nyumba *zilibomoka*,
kauli ya kutendeka, kana kwamba zilichoka zenyewe
zikaanguka kama mapapai,
na tingatinga la manjano lilikuwa linapita tu.

Daftari la mwisho ni la Kisilu.
Limefura, lilianikwa juani, kurasa zinalia zikifunguliwa.
Sentensi moja tu:
*Bomoa. Jumamosi walitubomoa.*

Kalamu ikashuka yenyewe.
Hapana, Kisilu. Nyumba ndiyo hubomolewa,
mtu hubomolewa nyumba.
*Walitubomolea.* Umesahau silabi, "le",
ndogo kama kokoto ya kiatuni,
lakini kazi yake ni kumtenga mtu na kuta zake:
kuta zilale huku,
yeye asimame kule, mzima, ameshika godoro.
Nikaiandika "le" juu ya mstari, na kishale.

Kisha nikakumbuka leo darasani.
Alikaa na begi mgongoni tangu gwaride hadi kengele ya mwisho.
Nikamwambia alitundike, kama wenzake.
Akasema, liko sawa, mwalimu.
Nilipompa chaki aje ubaoni
alisimama akaitazama kiganjani,
muda mrefu,
kama mtu aliyepewa ufunguo wa mlango usiokuwepo.

Nikaisoma sentensi tena, kwa sauti.
*Walitubomoa.*

Wino mwekundu hausikii kifutio.
Nikachukua wembe, nikaikwangua "le" taratibu,
na kishale chake, taratibu,
hadi karatasi iliyokwisha kulowa mara moja
ikatoboka.
Tundu la ukubwa wa harage. Upande wa pili
lilikuwa zoezi la Mei, ngeli, "nyumba yetu ina",
sasa halisomeki ina nini.

Chini nikaandika: sahihi.

Kesho ataniuliza nani ameliharibu daftari lake.
Sitasema limetoboka.
Sitasema limetobolewa.