Plagi ya Tano

Zabalegui wa duka la vipuri kule Esquel
alinipangia kauntani kama mtu anayeuza pete:
hii ya iridiamu, akasema, utakufa utaiacha;
hii ya platini; na hii ya shaba,
ya watu wa kawaida, mwaka mmoja na kidogo.
Nikamwambia pikapu ni ya sabini na nane,
silinda sita, inakula oili kuliko petroli,
usimvishe punda hariri.
Akacheka. Nikanunua shaba sita na kipimo cha mwanya,
kwani cha baba hakijaonekana tangu tumzike.

Upepo wa Chubut hauna adabu.
Unaingia gereji kabla yako,
unafunga mlango, unafungua, unafunga.
Nilisubiri injini ipoe,
maana chuma kikifunguliwa na joto lake
hung'ang'ania nyuzi hadi zing'oke.
Nikapuliza vumbi kwenye vishimo:
chembe moja ikidondoka ndani, umekwisha.
Nikaandika namba kwenye waya kwa chaki.
Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne,
ndivyo zinavyopokezana moto humu;
baba alinifundisha hilo kabla ya sala.

Ya kwanza, kahawia ya biskuti. Mzima.
Ya pili vivyo hivyo.
Ya tatu ina masizi makavu: mzee alipenda kuvuta choki
hata Januari, jua likichoma mabati.
Ya nne ncha imeliwa, mwanya umepanuka,
cheche ilikuwa inaruka korongo.
Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimisi mlimani.
Nikazilaza juu ya gazeti kwa mpango zilivyotoka;
plagi ni ulimi, na injini ni mgonjwa asiyejua kusema uongo.

Ya tano ikagoma.
Mafuta ya kupenya, chai, subira,
robo mbele, robo nyuma.
Ilipotoka haikuwa ndugu ya wenzake:
fupi, kaure yake ina mstari wa bluu.
Nami ule mstari naujua.

Nilikuwa na miaka tisa
mashine ya kukatia manyoya ilipokutwa haina plagi,
kondoo mia nne zizini, wakataji wamekaa
na wanalipwa kwa kukaa.
Baba, Emrys, mzee wa kanisa, hakupandisha sauti.
Alimtazama tu Evaristo Huenelaf,
na Evaristo akafunga blanketi lake,
akashika njia ya Gan Gan kwa miguu.
Mbwa alimfuata. Siku ya tatu mbwa alirudi.

Huenda pikapu ilimfia njiani usiku ule,
akajiazima kilicho chake, akasahau.
Huenda hakusahau.
Mkono ulioikaza humu
uliikaza kwa nguvu za mtu
asiyetaka ifunguliwe tena.

Nikapima mpya moja moja.
Boksi linasema zimeshapimwa; usiamini boksi.
Nikaziingiza kwa kipande cha mpira wa petroli, kwa vidole,
kwa sababu uzi ukikaa upande mpira huteleza,
ila spana haina huruma hiyo.
Zikagusa. Kidogo tena, basi.
Ya tano niliikaza nimebana pumzi.

Ikawaka stata ya kwanza, sauti moja, haina kigugumizi.
Mama akatoka na unga mikononi:
“Eluned! Kama zamani!”
Sikumjibu.

Zile tano nimezitupa koponi.
Hii fupi imo mfukoni mwa shati, inanuka petroli.
Nasikia Evaristo yu hai, jicho moja halioni,
anakaa nyuma ya kisima cha serikali.
Ni siku nzima ya kokoto.
Tangi limejaa.
Nimekaa, mlango wazi, upepo unaingia utakavyo,
injini inanisubiri kwa adabu ambayo sijaizoea,
na mimi bado natafuta neno la kwanza.