Tano Nukta Moja

Nesi aliniuliza, "Umekuja umefunga?"
Nikasema ndiyo, kufuli mbili,
funguo anazo Murhula.
Benchi zima likacheka, nami nikacheka,
sijajua bado nachekea nini.
Kwetu Bukavu tungeuliza tu: haujakula?

Wakanipa kikombe cha sukari iliyokorogwa,
tamu ya kukereketa koo. Nikainywa nimesimama.
Damu mara tatu, mkono uleule.
Kati ya sindano na sindano nilisoma bango la vyandarua
mpaka nikamzoea yule mbu.

"Tano nukta moja," akasema.
"Si kwamba unaumwa. Si kwamba huumwi.
Sukari yako iko mpakani, mama."

Mpakani.
Neno hilo nalijua kumzidi yeye.
Nimelala mpakani siku nne juu ya furushi la nguo,
afisa akigeuza karatasi yangu mbele nyuma
kana kwamba mimi nimeandikwa kwa nyuma.
Pale huinui sauti.
Unajibu ulichoulizwa, basi,
unaomba mvua isinyeshe.

Dirisha namba tatu.
Kitambulisho cha taifa? Sina.
Bima? Sina.
"Basi utalipia kama mgeni."
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wa huku,
na mimi nina mgeni wangu, wiki ya ishirini na nane,
ananipiga mateke chini ya mbavu.
Mwenyeji wake ni mimi.
Nilikunja risiti, nikaiweka kwenye sidiria.

Karatasi ya chakula inakataza wali, chapati, soda.
Haijui sombe. Haijui mafuta ya ngazi.
"Ugali ngumi moja," nesi alisema.
Ngumi ya nani? Yangu, au ya Murhula anayebeba saruji?
Hakuwa na muda wa swali hilo,
foleni ilifika mlangoni.

Mama Ndahani, mwenye nyumba, aliisoma karatasi
kwa miwani yenye mkono mmoja,
akaniletea ugali wa uwele na mlenda.
Mlenda ule! Unavutika kama kamasi ya mtoto.
Nilikula nimefumba macho.
Siku ya tano nikala nimeyafumbua.
Siku ya tisa nikauomba mwenyewe
na yeye akajifanya hakusikia, ili niombe tena.

Akanipa na mashine.
Ilikuwa ya mume wake. Jina la marehemu
bado limebandikwa mgongoni kwa plasta: Chilongani.
Kila alfajiri namtoboa kidole Nsimire
na Chilongani anatoa jibu.

Kisha ukaja msimu wa zabibu.
Ndoo kwa ndoo kutoka Hombolo, nyeusi, zina vumbi jembamba
kama shavu la mtu aliyetoka kulala.
Murhula alilipwa Jumamosi, akaja na kilo mbili,
anacheka tangu getini.
Nikalia. Si kwa sababu ya zabibu.
Akasimama na ule mfuko, mikono mizito ya saruji,
halafu akahesabu nne, akaziweka kwenye kisosi,
nyingine akapeleka kwa watoto wa jirani.
Nne zile zilinichukua saa nzima.
Ya mwisho niliiweka tu shavuni
nikasahau kuitafuna.

Baada ya chakula cha jioni tunatembea, mimi na Mama Ndahani,
nusu saa, kuzunguka nyumba zisizoezekwa za Nkuhungu.
Upepo unatupiga vumbi la machoni.
Yeye anazungumza Kigogo na mbuzi za watu,
mimi nazungumza Kishi na tumbo,
sisi wawili tunaambizana: "Angalia, shimo."

Leo, nne nukta tisa.
Jana, tano nukta mbili.
Nimeandika zote mbili kwenye daftari, kalamu moja,
sijapigia mstari hata moja.
Kesho ni zamu ya kidole cha pete.
Pete haitoki tena, vidole vimevimba.
Nitatoboa pembeni yake.