Chuo, Nukta

Wakiniuliza msibani, harusini, kwenye foleni ya maji,
"Siku hizi uko wapi, Limi?"
nasema: chuo.
Nukta.
Neno la pili nalimeza kama mwiba wa sato,
na wao, kwa adabu, hawanigongi mgongo.

Binamu yangu Sumbuko ana maneno yote mawili.
Yuko Dar. Hupiga simu bumu likiingia,
nyuma yake nasikia watu wakicheka kwa Kiingereza.

Mimi mkopo haukutoka.
Tulitafuta jina langu kwenye simu ya jirani,
tukashuka mpaka mwisho wa orodha, tukapanda tena,
mama akasema labda mtandao,
tukaizima simu, tukaiwasha.
Kesho yake akashuka Mwaloni kabla ya adhana
na aliporudi akapiga hesabu ukutani kwa mkaa:
Dar ni magunia ya dagaa ambayo ziwa zima halina.
Nyegezi ni magunia kumi na moja, kwa awamu nne,
na kulala ni nyumbani.

Basi Nyegezi.
Chuo nyuma ya stendi, ghorofa moja, rangi ya samli,
choo kimoja chenye kufuli, ufunguo kwa mlinzi.
Tuko thelathini na wawili. Lugeye alikuwa konda miaka sita.
Mama Tabu ana wajukuu, anakaa mbele kwa ajili ya macho.
Mwalimu Bituro anatufundisha hesabu za gharama
kwa mashati mawili, la Jumatatu na la siku nyingine zote,
na daftari langu akilirudisha limejaa wino mwekundu
pembeni, mpaka kwenye jalada,
wino wa mtu aliyenisoma kweli.
Sumbuko anasema kwao wako mia saba ukumbini,
mhadhiri hamjui hata mmoja.
Alisema kwa kujisifu. Sikumjibu.

Lakini nisijitie ushujaa.
Mwezi wa kwanza nilivaa kitambulisho ndani ya blauzi,
nembo ikiangalia ngozi,
na stendi nilikuwa nasubiri wale wa Malimbe wapite kwanza
na makoti yao meupe mkononi,
nikijifanya nanunua karanga.
Nilikula karanga nyingi sana mwezi ule.

Kwetu Mabatini nyumba zimekaa juu ya mawe,
hakuna anayepanda moja kwa moja.
Unafuata ukuta wa Ngasa fundi viatu,
unapita dirisha la watu wanakula,
unapiga hodi bila kusimama, unalizunguka jiwe,
kuna mahali unakuwa unaelekea kabisa ulikotoka,
ziwa usoni, mlango kisogoni,
halafu ngazi nne, halafu kwetu.
Mgeni tukimleta, pale kwenye kona
huuliza kama tumepotea.

Jana matokeo yamebandikwa. Gundi ilikuwa bado mbichi.
Nilitafuta namba yangu kwa kidole,
mstari wa kumi na tisa:
tatu, nukta, nne.
Wa shahada wanataka tatu.
Nilirudia kuisoma, nikaogopa kuigusa ile nukta
isije ikahama.
Lugeye alikuwa nyuma yangu, akapiga kelele za stendi,
"Twende, twende, bado mmoja!"
mpaka mlinzi akatutoa nje.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anapepeta dagaa,
mchanga ukianguka upande, magamba yakimrukia kwenye kanga.
"Hiyo nukta," akauliza, "si ndiyo mwisho wa habari?"
Nikamwambia kwenye insha, ndiyo.
Kwenye hesabu kuna kitu mbele yake.
Akapepeta.
"Kwa hiyo bado kuna ada."
Bado kuna ada, mama.
Akageukia ukuta, pale mkaa wa zamani ulipofifia.
Hakusema kitu. Niliona tu midomo yake ikihesabu.