Kiungio

Mwanzo nilifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli,
nikazungusha, nikavuta kwa meno,
nikasema: imetosha.
Hakuna neno linalovuja kama hilo.

Jumamosi ya kipaimara cha mtoto wa Ndelilio,
sufuria ya tatu, mso unafuka,
nikafungua koki. Pyaa!
Mpira umetemwa, bomba limechomoka,
maji ya mfereji yamerukia ndani ya uji
pamoja na tope na kipande cha jani la mgomba.
Wageni walikunywa soda.
Mpaka leo Kibosho kuna watu wanaikumbuka soda ile.

Koili yenyewe niliinunua Pasua kwa fundi majokofu,
shaba mizunguko kumi na mmoja,
nyeusi, imenyongea,
nikaisugua kwa majivu na ndimu hadi ikaona haya, ikawa nyekundu.
Mama hakuwa nayo. Mama alipooza kwa kungoja:
alitandaza uji mitungini, akakaa na usinga,
nzi na yeye, yeye na nzi, hadi jogoo.
Haraka haina baraka, alisema.
Kweli. Lakini mama
hakuwahi kupokea oda nne za Jumamosi moja.

Jumatatu nikashuka mjini, duka la mabomba.
"Nusu inchi, shaba ya manjano, na nati yake."
Kijana akanitazama kanga, akatazama viatu.
"Mama, unajenga?"
"Najenga."

Nimekata ncha iliyopondeka kwa msumeno wa chuma.
Nimepiga tupa, nimepuliza vumbi, likaniingia jichoni.
Utepe mweupe nikauzungusha kinyume,
nati ilipokaza ukajikusanya kama soksi ya mtoto wa shule.
Nikabandua.
Nikaanza tena, kufuata mkono wa nati,
mara tano, mara sita,
polepole kama anayemfunga mtu kidonda.
Mpira mpya nikauchovya maji ya moto ulainike,
ukapanda mdomo wa bomba ukilalamika,
nikaukaza kwa klempu mbili, moja kwa haja,
moja kwa ajili ya ile soda.

Kisha nikanyunyiza unga wa ulezi juu ya kiungio,
mkavu, mwembamba,
kwa sababu unga hausemi uongo: tone moja, doa.
Nikafungua koki.
Nikachuchumaa.

Upande huu maji yanaingia na baridi ya mlimani,
upande ule yanatoka ya kuogea.
Aikaruwa, mwanangu, amekwisha kuweka ndoo, hakuulizwa.
Unga bado ni unga.
Nimetia kidole kwenye mso: vuguvugu,
muda ambao mama angekuwa anamfukuza nzi wa ishirini.

Ule mpira wa baiskeli sikuutupa.
Nimefungia mlango wa banda la mbuzi.
Pale, imetosha.