Kopi Mbovu

Karanga za mia mbili, kona ya Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Nimezimaliza, nimebaki na koni ya karatasi
na ndani ya koni, mtu.

Jicho moja, nusu ya ushungi, chumvi kwenye kidevu.
Nikaikunjua juu ya goti.
Mwanjaa Shekue. Jinsi: Ke.
Namba yake ndefu kama treni ya mizigo,
behewa la kwanza limebeba mwaka aliozaliwa,
mwezi, siku.
Hujaulizwa umri, umeshautaja.
Na sahihi ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani,
herufi zimeshikana mikono zisianguke.

Ningeitupa. Lakini ubavuni, kushoto,
umepita mstari mweusi, mwembamba, uliopinda mwishoni.
Mstari ule naujua.
Ni mkwaruzo wa ngoma ya mashine yangu.
Fundi wa Chumbageni aliniambia nibadilishe,
nikamwambia mwezi ujao,
na hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Kopi mbovu sizichomi.
Naziweka kwenye boksi la sabuni chini ya meza,
Ijumaa muuza karanga anazichukua kwa kilo.
Miaka minne.

*

Mama yangu alisimama kwenye korona, Pongwe, miaka kumi na tisa
(korona ya kusaga mkonge, kabla neno halijapata maana nyingine).
Utomvu ulimla vidole taratibu
mpaka vikalainika kama kipande cha mwisho cha sabuni.
Alipokwenda kuandikishwa, kioo kilimkataa mara sita.
Yule binti akamfuta, akampaka mafuta, akachoka.
"Bibi, wewe huna alama."
Alirudi nyumbani anacheka:
"Ningekuwa mwizi, wangenitafutia wapi?"

Basi kijana wa laini, chini ya mwavuli wake pale stendi,
alipomwambia, "Hakijasoma, weka tena,"
akaweka.
"Tena."
Akaweka.
"Sasa kile cha shahada."
Hakushangaa. Alizoea kutosomeka.
Akamshukuru, akamwombea na mke mwema.

Laini moja ilikuja nyumbani, imefungwa kwenye pindo la kanga.
Tatu zilikwenda zilikokwenda,
zikawaandikia watu asiowajua:
ile hela itume kwenye namba hii.
Mwalimu mmoja wa Korogwe akaituma.

Askari walikuja saa nne asubuhi, wapole, na karatasi.
Wakamsomea jina lake lote, mpaka la babu,
kama wanaomfungisha ndoa.
Mama akanyoosha viganja.
"Hivi? Hivi ndivyo vilivyosomwa?"

*

"Mimi sina cha kuficha," husema wateja wangu
wakinisukumia kadi mezani.
Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.
Lakini mlango wa choo tunaufunga,
na mtaa mzima unajua tunachofanya mle.

Usiku ule nililimwaga boksi sakafuni.
Bwana wa forodha. Mjane wa Mabawa. Mapacha, sura moja, namba mbili.
Shemeji yangu, ambaye hakuniambia anaomba mkopo.
Niliwasha jiko, nikawalisha mmoja mmoja,
na jina hukunjamana kwanza, uso hubaki kidogo.
Mwanjaa sikumchoma.
Nimemweka chini ya droo. Sijui namsubirisha nini.

Leo amekuja kijana wa pikipiki, anataka kopi mbili.
Ya kwanza imetoka na mstari.
"Hiyo mbovu, dada, tupa."
Nikaikunja mara mbili, sura ndani, nikampa.
"Ya nini?"
"Ni yako."
Akanitazama kama ninayeumwa. Akaitia mfukoni.

Nikamwona akivuka barabara.
Akaitoa, akafutia vumbi kwenye kiti,
akaiachia mtaroni,
na upepo ukaikunjua,
sura juu, macho wazi kwenye jua la saa saba.